Isizidi, Isipungue: Hotuba kwa Walimu wa Hisabati na Wazazi, Mtwara

Wenzetu kadhaa hawakuweza kufika siku ile kwa sababu ya shughuli za msimu, nao wameomba maneno yaliyosemwa. Nayaweka hapa yote kama nilivyoyatamka, isipokuwa michoro ya ubaoni.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa hisabati, wazazi mliokubali kuziacha korosho zikianikwa ili mje kutusikiliza, na wanafunzi wachache ninaowaona pale nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie jambo dogo, na nashukuru kwamba ni dogo, kwa maana mambo makubwa ya elimu huzungumzwa kila siku na watu wenye vyeo kuliko mimi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili anapewa fumbo la maisha ya kawaida, lenye pesa, maji, magunia au siku ndani yake, naye anatakiwa aliandike kwa alama ya kutolingana, yaani ile inayosema kwamba upande huu ni mkubwa kuliko ule, au ni mdogo, au unaruhusiwa kulingana nao. Kisha alifumbue kwa hatua mbili. Mwanafunzi huyohuyo ukimwandikia ubaoni 2x + 3 ≤ 11 atakufumbulia kabla hujaweka chaki chini. Mpe maneno, anaduwaa. Kwa nini?

Nitawaeleza ninavyoona mimi, baada ya miaka mingi ya kusahihisha madaftari. Hesabu zenyewe watoto wetu wanaziweza. Kinachowapotea ni alama, na alama hiyo imo ndani ya neno, tena mara nyingi neno la Kiswahili wanalolisikia nyumbani kila siku, ila hakuna aliyewaonyesha kwamba imo humo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwalimu kijana, katika shule moja ya wilaya ya Masasi, niliwapa wanafunzi fumbo hili, ambalo bei zake nimezibadilisha ziwe za siku hizi. Mkulima anataka kusafirisha korosho zake kutoka shambani hadi kwenye chama cha msingi cha ushirika. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anatoza shilingi 15,000 kwa kuja tu, na juu ya hapo shilingi 2,000 kwa kila gunia. Mkulima hataki gharama yote izidi shilingi 50,000. Je, anaweza kupakia magunia mangapi?

Kijana mmoja, aliyekaa dawati la mwisho na ambaye sikuwahi kumsikia akijibu chochote, aliandika neno moja na namba moja: "Magunia 17." Hakuandika herufi, hakuandika alama. Nikampa sifuri, na nikamwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba amenakili. Alinifuata mchana huo chini ya mwembe, daftari mkononi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mwalimu. Nimenakili kwa nani?" Nilikwenda kuyatazama madaftari ya jirani zake. Mmoja alikuwa na magunia 25, mwingine magunia 2. Hapakuwa na wa kumnakilia.

Nikamwambia anieleze alivyofanya. Akasema: "Kwanza nimetoa pesa ya kumwita dereva, maana hiyo inakwenda hata asipopakia kitu. Imebaki 35,000. Nikaanza kugawa kwa 2,000. La 17 linatosha, la 18 halitoshi, inapungua 1,000."

Walimu wenzangu, mmesikia? Mtoto huyu amezitaja hatua mbili zote kwa mpangilio wake, amesema kwa nini ya kwanza ni ya kwanza, na amehakiki jibu lake pande mbili za mpaka. Kilichokuwa kimebaki ni mimi kumfundisha namna ya kuyaandika hayo: tuite idadi ya magunia g, gharama iwe 2,000g + 15,000, nayo isizidi 50,000, basi 2,000g + 15,000 ≤ 50,000. Tunaondoa 15,000 pande zote, tunabaki na 2,000g ≤ 35,000. Tunagawa kwa 2,000, tunapata g ≤ 17.5. Maneno yake na maandishi yangu yalikuwa kitu kimoja, nami nilikuwa nimempa sifuri.

Yule aliyepata 25 alisahau pesa ya kuita gari, akagawa 50,000 kwa 2,000 na kulala usingizi. Yule wa magunia 2 ndiye wa kumtazama zaidi, kwa sababu kosa lake hurudi kila mwaka: alijumlisha 15,000 na 2,000, akapata 17,000, kisha akagawa. Maana yake ni nini? Ni kwamba dereva anaitwa upya kwa kila gunia! Akipakia moja, anarudi barazani kwake, anaitwa tena. Kosa kama hilo halitibiwi kwa kumwambia mtoto akariri kanuni. Muulize, "Dereva amekuja mara ngapi?" Atacheka, na akicheka amekwisha kuelewa. Ndiyo maana nawashauri kwamba kabla mtoto hajagusa herufi yoyote, aulizwe kitu gani katika fumbo hutokea mara moja tu, na kitu gani hurudiwarudiwa. Kinachorudiwa ndicho kitakachokaa na herufi. Cha mara moja hukaa peke yake, na kwa kuwa kilikuja mara moja, huondolewa kwanza.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Fumbo langu lilisema "isizidi". Ningeweza kusema "isipungue". Maneno haya mawili, wazazi wangu, mnayatumia kuliko sisi walimu. Mnapopanga sherehe ya kumtoa mwali, mnapoandika kadi ya mchango, mnapomtuma mtoto dukani, hamwishi kuyasema. Nitawapeni kikao cha kamati nilichohudhuria mwenyewe, hapa hapa mkoani, ingawa namba nimezinyoosha kidogo ili zigawanyike vizuri. Turubai, viti na muziki vilikadiriwa shilingi 400,000, na sahani ya chakula shilingi 8,000 kwa kila mgeni. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Matumizi yasizidi milioni 2." Katibu akaandika kwenye daftari lake, "Matumizi yawe chini ya milioni 2." Hakuna aliyeona tofauti. Je, ninyi mnaiona?

Kwa kauli ya mwenyekiti, 8,000w + 400,000 ≤ 2,000,000, hivyo 8,000w ≤ 1,600,000, na w ≤ 200. Wageni 200 wanakula. Kwa maandishi ya katibu, w < 200, maana wageni 200 wangefikisha milioni 2 kamili, na milioni 2 haiko chini ya milioni 2. Wageni 199 wanakula na mmoja anabaki mlangoni. Mstari ule mdogo chini ya alama ndio sahani ya mgeni wa 200, na mimi humwambia mtoto hivyo hivyo: ukiusahau mstari, kuna mtu amelala njaa.

Watoto hukutana na tofauti hii kwenye matangazo kila mara. Zahanati ikisema "watoto wa chini ya miaka 5", mtoto aliyetimiza miaka 5 jana hayumo. Tangazo la kuandikisha wapiga kura likisema "miaka 18 na kuendelea", aliyetimiza 18 yumo. "Kuanzia", "na kuendelea", "hadi", "isiyozidi", "isiyopungua", "walau", "angalau": haya yote yanaujumuisha mpaka. "Chini ya", "zaidi ya", "kuliko": haya yanauacha mpaka nje. Nimeona walimu wakitumia kipindi kizima kuchora mdomo wa mamba unaofunguka upande wa namba kubwa. Ni mchoro mzuri kwa mtoto wa darasa la tatu anayelinganisha 3 na 5, lakini mamba huyo hajui kusoma. Ukimpa neno "angalau" atakutazama tu.

Hapa niseme neno kuhusu lugha, na nisieleweke vibaya. Watoto wetu husoma hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia kidato cha kwanza katika shule zetu za kata fumbo huwajia kwa Kiingereza. Sina nia ya kufungua mjadala huo leo, tutakesha. Ila tambueni mtego mmoja. Kiingereza husema "angalau" kwa maneno "at least", ambayo ndani yake limo neno la udogo kabisa. Mtoto akiliona neno la udogo huweka alama ya udogo, na kumbe alitakiwa aweke alama ya "sawa au zaidi". Na "isizidi" kwa Kiingereza, "at most", hubeba neno la wingi kabisa, mtoto anaweka alama ya ukubwa. Kila mwaka, kinyume na kinyume. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni moja: kabla ya kuandika chochote, mtoto aiseme sentensi kwa Kiswahili, akitumia "isizidi" au "isipungue". Neno "isipungue" halina mtego, maana linasema lenyewe upande uliokatazwa. Akishalisema, basi aandike kwa lugha yoyote mtihani unayotaka.

Mnaweza kudhani kwamba kusema kabla ya kuandika alama ni njia ya wanyonge. Hapana. Al-Khwarizmi, yule aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupatia neno aljebra, hakutumia alama hata moja. Aliandika kila kitu kwa maneno, mpaka namba, na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi, nani apate kiasi gani. Alama ya kulingana tunayoitumia ilikuja mwaka 1557 kwa mkono wa Robert Recorde, na hizi mbili za kubwa kuliko na ndogo kuliko zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot, miaka 10 baada ya yeye mwenyewe kufariki. Kwa karne nyingi watu walifumbua kwanza kwa mdomo. Sisi tunampa mtoto wa miaka 14 alama siku ya kwanza, maneno tunayaweka mwishoni mwa zoezi, namba 9 na namba 10, yale maswali ambayo kengele hulia kabla hayajafikiwa.

Nikirudi kwa yule kijana wa magunia: jibu la hesabu lilikuwa 17.5, naye akasema 17. Wenzake wengi, waliofundishwa kwamba nusu hupandishwa, wangesema 18, na mkulima angepungukiwa shilingi 1,000 mbele ya dereva. Sasa chukueni fumbo lingine. Binti ana akiba ya shilingi 12,000, anaweka shilingi 1,500 kila wiki kwa kuuza ubuyu, naye anahitaji kiasi kisichopungua shilingi 40,000 ili ashone sare. 1,500w + 12,000 ≥ 40,000, kwa hiyo 1,500w ≥ 28,000, na w ≥ 18.67 hivi. Wiki ya 18 ana 39,000, fundi hampi sare. Jibu ni wiki 19. Huku tumeshuka, huku tumepanda, na hakuna kanuni ya kukadiria inayokuambia ufanye lipi. Anayekuambia ni dereva na fundi cherehani.

Nimefika kwenye jambo lililonileta hasa, na naomba mnivumilie hapa, hata kama harufu ya chai imeshaanza kutufikia.

Mnaotoka Newala na Tandahimba mnajua maana ya maji kule juu ya Uwanda wa Makonde. Kaya moja ina simtanki la lita 1,000 lililojaa. Kila siku wanatumia lita 120. Bibi mwenye nyumba ameamuru kwamba maji yatakayobaki yasipungue lita 160, kwa sababu boza, lile gari la kuleta maji, halina ahadi. Watumie siku ngapi kabla ya kuita boza? Mtoto anaandika vizuri kabisa: 1,000 – 120s ≥ 160. Anaondoa 1,000 pande zote: –120s ≥ –840. Anagawa kwa –120, na hapo mwalimu anasimama nyuma yake na kusema kwa sauti ya kanisani au ya msikitini, "Ukigawa kwa namba hasi, geuza alama!" Mtoto anageuza. s ≤ 7. Sahihi.

Muulizeni kwa nini amegeuza. Atasema, "Ndiyo kanuni." Muulizeni kanuni imetoka wapi. Atawatazama kama mmemuuliza jua limetoka wapi.

Mimi mwenyewe niliifundisha hivyo kwa miaka mingi, kwa kukaririsha, nikiongeza mfano wa madeni: anayedaiwa 5,000 ana hali mbaya kuliko anayedaiwa 3,000, kwa hiyo –5,000 ni ndogo kuliko –3,000 ingawa 5,000 ni kubwa kuliko 3,000. Mfano huo ni wa kweli, nao unasaidia. Lakini siku moja binti wa kidato cha pili alinipa kitu bora zaidi bila kujua. Nilimwambia aeleze tanki la bibi kwa maneno yake. Akasema: "Bibi amesema yaliyobaki yasipungue 160. Kwa hiyo tuliyotumia yasizidi 840."

Rudieni nami, tafadhali. Yaliyobaki yasipungue, tuliyotumia yasizidi.

Mmeona kilichotokea? Alipohama kutoka kwenye maji yaliyobaki kwenda kwenye maji yaliyotumika, "isipungue" ikageuka yenyewe ikawa "isizidi". Hakuna aliyemwamrisha. Hakutaja namba hasi hata moja. Kubaki na kutumika ni pande mbili za tanki lilelile, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na kwa hiyo mpaka wa chini wa kimoja ni mpaka wa juu wa kingine. Ile alama tunayowaambia wageuze imegeuka ndani ya kinywa cha mtoto kabla haijafika kwenye daftari. Tukaandika pamoja 120s ≤ 840, na s ≤ 7. Nilikaa chini, nawaambieni kweli, nikaanza kuhesabu ni madarasa mangapi niliyoyakaririsha.

Na anayekariri bila kusema huanguka upande wa pili. Mchuuzi wa samaki anavuka kutoka Msangamkuu. Mtaji wake wa siku, pamoja na barafu na nauli, ni shilingi 32,000. Anauza kila fungu shilingi 2,500. Anataka faida isiyopungua shilingi 20,000. Basi 2,500m – 32,000 ≥ 20,000. Mtoto aliyekariri anaona alama ya kutoa, anakumbuka sauti ya mwalimu, anageuza, na kuandika kwamba m ≤ 20.8. Yaani mama asiuze zaidi ya mafungu 20, la sivyo faida itaharibika! Ni mama gani wa sokoni atakayekubali hesabu hiyo? Kutoa hapa kumekaa kwenye mtaji, hakukukaa kwenye mafungu. Tunajumlisha 32,000 pande zote, 2,500m ≥ 52,000, m ≥ 20.8, auze mafungu 21 au zaidi. Akisema kwa mdomo hakosei: kadiri anavyouza mafungu mengi ndivyo faida inavyoongezeka, vyote vinapanda pamoja, alama haina sababu ya kugeuka. Kwenye tanki, kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo maji yanavyopungua. Ulizeni swali hilo moja kabla ya kugeuza chochote: kikiongezeka hiki, kile kinafanyaje?

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni la wiki moja tu. Kwa wiki moja, acheni zoezi lenye alama tupu. Leteni mafumbo matatu kwa siku, mtoto ayaseme kwa "isizidi" na "isipungue", aeleze cha mara moja na cha kurudiwa, kisha ndipo aandike. Na kwenu wazazi, ambao wengi mmeniambia nje kwamba hisabati ya sekondari hamwiwezi: mnapompima mtoto pesa ya dukani na kumwambia, "Mafuta na sabuni, isizidi elfu 5," mwambieni aiandike. Mwalimu atajua la kufanya na karatasi hiyo.

Hapo ndipo nilipokusudia kukaa. Lakini kabla sijakaa, mama mmoja wa mstari wa tatu, ambaye baadaye niliambiwa kwamba anauza samaki soko kuu, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, hesabu yako ya mafungu ina kasoro. Hayo 21 ni ya kuuza. Ya kuandaa ni mengine, maana kila siku mawili hulala, nayapika nyumbani." Ukumbi ukacheka, nami nikarudi ubaoni. Kama mafungu aliyoandaa ni m, yanayouzwa ni m – 2, basi 2,500(m – 2) – 32,000 ≥ 20,000, na m – 2 ≥ 20.8, na m ≥ 22.8. Aandae mafungu 23. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia kwamba yeye huandaa 25. Nikamjibu kwamba lake ni la hatua tatu, na mimi nilialikwa kwa hatua mbili.